Ng'ombe Marehemu Kwenye Kalenda

Chekeni mkitaka, ila picha ile ilikuwa nzuri na siiombei radhi.

Ofisi ya Dar iliyokuwa ikinunua picha za kalenda ilinirudishia zangu zote za shamba la ujamaa. Eti nyuso ni giza na mbele ni patupu. Mimi, mpiga picha wa Bomani nzima, nirudishiwe picha!

Nikaenda Machochwe, ambako rafiki yangu alinifugia fahali mwenye baka jeupe usoni. Asubuhi, jua likiwa bado chini, nikamsimamisha fahali mbele ya shamba, na pembeni mke wangu, mtoto mgongoni. Ofisi ya Dar ikainunua bila neno.

Sasa, mwaka jana baba mkwe alipomtaka fahali huyo kukamilisha mahari, nilimwambia amekufa kwa ndigana.

Juzi akaja na kalenda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyu si yule marehemu?"

"Ndiye, baba. Picha ya zamani, kabla hajafa," nikajibu bila kupepesa macho.

Akaweka kidole mgongoni mwa mke wangu. "Na mjukuu wangu huyu, aliyezaliwa mwaka huu?"

Uso wa mtoto, kwa ufundi wangu mwenyewe, ndio uliong'aa kuliko nyuso zote.