Habu ya Mlimani

Wifi yangu anaitwa Mwiko, na jina hilo amelipatia kazini. Tangu nimjue anakoroga alumini iliyoyeyuka kwenye karakana yetu ya kusubu, na anakoroga hata pasipo na cha kukoroga. Ukimpa chai anaikoroga, ukimwambia imeshakorogwa anairudia, halafu anakuuliza mbona sukari kidogo. Kaka yangu alimwoa akijua. Mimi nipo benchi la pili, napiga tupa vitu vikishatoka kwenye kalibu, lile umbo vinamomiminwa na kugandia, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Kaka ni fundi redio. Miguu haimbebi tangu utotoni, anakwenda kazini kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, na kati ya nyumba yao na kibanda chake kuna mlima. Kusukumwa hataki. Mtu akimshikia baiskeli kwa nyuma, hata kwa nia njema, anasimama, anageuka, anamsalimia vizuri na kumsubiri aondoke.

Tatizo lilikuwa habu ya gurudumu la mbele, pale katikati panapopita ekseli. Alumini ya kawaida ni laini, na vumbi la barabarani liliila habu moja baada ya nyingine. Za dukani za aina ile zikaacha kuletwa. Kaka akaanza kusema eti atahamishia meza yake sebuleni. Alisema huku anatafuta bisibisi, kama jambo dogo tu, lakini wifi alisikia na mimi nilisikia. Kaka bila kibanda chake na wale watu wanaokuja kubishana naye mambo ya mpira angenyauka, na hilo lilinitia hofu.

Ndipo mhandisi wetu, dada mpole asiyependa kurudia maneno, akaleta mashine. Alituambia ukichanganya alumini na ule unga mgumu wa kijivu unaobandikwa kwenye msasa, unapata kitu kisicholika ovyo. Ila unga wenyewe ni mkaidi, unashikana mabonge kama uji wa mtu mwenye haraka. Dawa yake ni fimbo inayotumbukizwa chunguni, inayotetemeka kwa kasi ambayo sikio halipati. Mtetemo unazaa viputo vidogo mno, vikipasuka vinavunja mabonge, na unga unaenea kila mahali.

"Sasa mimi nifanye nini?" wifi akauliza.

"Upashe unga moto kwanza, uumimine polepole. Fimbo ikishamaliza, usiguse. Mwaga kwenye kalibu."

Wifi akaitikia vizuri tu. Habu ikatoka, nikaipiga tupa hadi tupa yenyewe ikawa butu. Kaka akaifunga, akaondoka asubuhi akipiga mluzi. Katikati ya mlima ikapasuka. Jirani ndiye aliyemkokota mpaka nyumbani.

Tulipoikata kwa msumeno, ndani ilikuwa na matundu kama mkate. Mhandisi akaitazama, akamtazama wifi.

"Ulikoroga?"

"Kidogo."

"Baada ya fimbo?"

"Mara moja tu, ya mwisho. Nilitaka kuhakikisha."

Alumini ikiyeyuka hujivika ngozi juu, kama maziwa. Wifi aliivuruga ngozi ile, akaizamisha pamoja na hewa, kazi yote ya fimbo ikaharibika. Karakana nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikamwona anafuta macho kwa kiwiko, kicheko kikanikauka. Ni mtu ninayempenda sana, ingawa sijawahi kumwambia.

Jioni alimweleza mumewe mbele yangu, bila kuzunguka.

"Mikono yangu haisikii, baba. Kichwa kinasema acha, yenyewe inakwenda."

Kaka alizungusha kitufe cha redio isiyo na betri.

"Kesho turudishe kwenye baiskeli ile habu ya zamani iliyolika," akasema. "Halafu unisukume mpaka kazini kwako."

Katika nyumba ile neno "nisukume" lilikuwa halijawahi kusikika. Nilinyanyuka nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Kesho yake akaingia getini anasukumwa na mkewe, kichwa juu, anasalimia watu. Tulimvisha miwani, tukamweka nyuma ya mstari mwekundu, mbali na tanuri. Unga ukapashwa, ukaingia. Fimbo ikashuka, uso wa alumini ukaanza kuchezacheza. Wifi alisimama kando ya kaka, mwiko umeegemezwa ukutani karibu yake, na fimbo ilipoinuliwa nikauona mkono wake unaanza safari ya kwenda kwenye mwiko. Kaka akaudaka. Akaudaka na wa pili.

"Niache, nahakikisha tu."

"Tulia. Mbona mimi nilitulia uliponisukuma?"

Akatulia. Mhandisi aliposema "mwaga", kaka akaiachia mikono ile, wifi akavuka mstari, nayo ikakamata koleo na kumwaga moja kwa moja, bila kutetereka.

Habu hiyo bado ipo. Niliipima juzi na haijalika hata kidogo, na kibanda kinafunguliwa kila siku. Wifi amehamishia ugonjwa wake kwenye maharage.

Jumapili huwa naongozana nao kupanda mlima. Kaka anazungusha, jasho linamtoka, na mkono wa wifi umelala kwenye mgongo wa kiti. Hausukumi. Kaka anajua upo hapo, na hasimami.