Sensor ya mwanga ililia jikoni Bombo, na bomba la gesi lilikuwa zima: yaliyonikuta

Wakuu, nawasalimu kwa heshima.

Ninaandika nikiwa nimechoka. Nitakayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu mwenyewe. Nimebadili majina tu, kwa kuwa wahusika wapo na huenda baadhi yao wamo humu.

Ninafundisha fizikia ya mwanga chuoni, na wakati wa likizo hufunga sensor za gesi kwenye majiko ya biogas huku Upare Kusini.

Kwa wasiozijua: sensor hizi hazichomi gesi wala hazitoi cheche. Upande mmoja kuna taa ya mwanga usioonekana kwa macho, upande wa pili kuna kipokezi. Kila gesi hufyonza rangi zake za mwanga. Methani, ile gesi ya kupikia itokayo kwenye samadi, ikipita katikati, kipokezi kinaona mwanga umepungua, na king'ora kinalia.

Nimezichagua kwa sababu nyumba nyingi bado hupima uvujaji kwa kuwasha kiberiti kando ya bomba. Nimelisema jambo hilo mpaka sauti imekwisha.

Sasa kisa chenyewe.

Mzee Elieskia wa Bombo ni mzee wa kanisa, na katika kanisa lao pombe haiguswi kabisa. Alinipigia simu akasema sensor inalia kila siku, hivyo amefunga gesi na mkewe, Mama Nakiete, amerudi kwenye kuni.

Hapo ndipo niliposhtuka. Mama Nakiete kifua chake kimeharibiwa na moshi wa miaka mingi, na daktari alimkataza kabisa kukaa jikoni penye kuni. Jiko la biogas lilijengwa kwa ajili yake.

Nilitoka Same mjini, nikapita Kisiwani hadi Gonja, kisha nikapanda. Nilimkuta mama yule nyuma ya nyumba, ameinama kwenye mafiga, anakohoa hata kuniitikia shikamoo ilikuwa kazi.

Walikuwapo pia wazee wawili wa kanisa, wenzake na Mzee Elieskia. Kanisa lilitaka kujenga jiko kama lile, na walikuwa wamesikia kwamba la hapa linavuja.

Niliomba moto wote uzimwe na madirisha yafunguliwe. Nikafungua gesi, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio: hakuna kitu. Nikatoa kipimo changu cha mkononi cha leza, ambacho hutumia rangi moja nyembamba inayofyonzwa na methani peke yake. Nikalifuata bomba kutoka kwenye mtambo hadi kwenye jiko. Sifuri.

Lakini nilipofungua mlango wa stoo ulio kando ya jiko, sensor ya ukutani ikaanza kulia.

Naomba mnivumilie kidogo hapa. Sensor ya ukutani ni ya bei nafuu, na mkanda wake wa rangi ni mpana. Unafyonzwa na methani, lakini pia na mvuke wa petroli, wa spiriti, na wa pombe. Inajua kuna kitu. Jina la kitu hicho haiwezi kulitaja. Vipimo viwili vikipingana namna ile, jibu huwa limekwisha kupatikana.

Nyuma ya magunia ya mahindi palikuwa na madumu ya dengelua, ile pombe yetu ya miwa, vifuniko vimelegezwa yasije yakapasuka.

Mama Nakiete alinifuata stoo. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba kijana wao anaoa, na ukoo wa binti hauketi kupokea mahari bila dengelua. Mumewe alikuwa amesema hataki kusikia habari hiyo. Hakusema isiwepo.

Nilisimama pale nikiwa sina hamu ya kutoka. Nikisema bomba linavuja, mama huyu anabaki kwenye moshi. Nikisema sensor ni mbovu, wataing'oa, na siku methani itakapovuja kweli hakuna atakayejua. Nikisema ukweli, namwaibisha mtu nyumbani kwake mbele ya wenzake.

Tulipotoka, mmoja wa wale wazee aliniuliza ni gesi gani. Nikajifanya nafuta kioo cha kipimo.

"Mwambie ni pombe, mwalimu," akasema Mama Nakiete. "Dengelua ya mahari ya mwanangu. Mimi kwenye moshi sirudi."



"Na sisi tulidhani harufu hii ni ya ndizi zilizoiva kupita kiasi," akasema yule mzee mwingine, bila kucheka.

Mzee Elieskia alikitazama kipimo mkononi mwangu muda mrefu.

"Hicho kifaa kinajua ni ya nani?"

"Hapana, mzee."

"Ni ya kwangu. Acha gesi wazi, mama apike."

Alisimamishwa uzee wa kanisa kwa muda. Aliponipigia kunijulisha hakulalamika. Alitaka tu kujua kama sensor inaweza kuhamishiwa mbali na stoo. Mama Nakiete anapikia gesi hadi leo.

Nilichojifunza, wakuu: mwanga hausemi uongo, ila sensor ya mkanda mpana haitaji majina. Isifungwe karibu na petroli, spiriti wala pombe. Ikilia, zima moto, fungua madirisha, toka nje, kisha mwite mwenye kipimo cha kutofautisha gesi. Usiing'oe kwa sababu imekuudhi.

La pili sina uhakika kama ni funzo. Nilipanda mlima kwenda kupima gesi, nikateremka nikiwa nimemgharimu mtu nafasi yake, na vipimo vyangu vyote vilikuwa sahihi.

Mngekuwa ninyi pale mlangoni pa stoo, mngewajibu nini wale wazee? Andikeni hapa chini, nitasoma yote.