Mpini Mnene wa Mama Lipu

Kwa kupiga lipu, Mama Lipu hakuwa na mpinzani. Ukuta aliousawazisha yeye ungeweza kuulazia shavu. Mafundi wanaume walianza kwa kumcheka, wakaishia kumwita kila walipokwama kwenye kona.

Lakini vidole vikamgeuka. Kila asubuhi viungo vilivimba, vikakataa kukunjika, naye akaficha kama mtu anayeficha deni. Siku mwiko ulipomponyoka juu ya jukwaa ukatua karibu na mguu wa msimamizi, siri ikaisha. Msimamizi akamwambia kwa upole kwamba kuanzia wiki ijayo atachekecha mchanga. Mama Lipu, achekeche mchanga! Heri angetukanwa.

Jioni, akiwa anatwanga, akagundua jambo. Mchi ni mzito kuliko mwiko, mbona haumuumizi? Akautazama vizuri. Ulikuwa mnene, umejaa kiganja, vidole havikuwa na haja ya kubana. Mpini wa mwiko wake ulikuwa mwembamba, unang'aa kwa vanishi, na ili usiteleze ilimbidi aukabe kutwa nzima.

Balaa ni kwamba mpini ule ulichongwa na mumewe, seremala aliyejisifia mipini yake myembamba mbele ya kila mgeni. Kila mmoja aliuchoma chapa ya mistari miwili kwa msumari wa moto. Mama Lipu alimweleza taratibu, kwa adabu zote. Mume akanuna, akasema anayetaka mchi aende akatwange.

Basi mke akakata matambara na mpira wa baiskeli, akauzungushia mpini mwenyewe. Mume aliporudi alikuta kazi yake imefungwa kama kidonda. Maneno ya mkewe aliyaweza, ila kazi mbovu ndani ya nyumba yake ilimshinda. Kesho yake akachukua mti, akachonga mpini mnene, akimshikisha mkewe kila mara, akipunguza hapa, akiacha pale, bila vanishi. Chapa hakuweka. Aliona haya.

Kazini waliuita mguu wa meza. Wakacheka mpaka ukuta ulipokamilika, laini, mwiko haujaanguka hata mara moja. Msimamizi akapitisha kiganja, akasema mchanga utatafutiwa mtu mwingine. Kabla ya wiki kwisha, mafundi walikuwa wakibisha hodi kwa seremala, wakiutaka "ule mbaya". Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huu ulikuwa umeshazunguka mtaa mzima.

Mume akamjia mkewe, msumari ukiwa tayari motoni, akaomba mpini auwekee chapa.

"Weka, mume wangu," akasema Mama Lipu. "Ila niachie nafasi. Nusu ya mpini huu ni akili yangu."

Mume akacheka, akachoma mistari yake miwili. Kisha Mama Lipu akashika mwenyewe koleo lililobana msumari wa moto, kwa vidole vile vile vilivyotaka kumnyang'anya kazi, akachoma mstari wa tatu pembeni. Ulipinda kidogo. Yeye, mnyoosha kuta, akauacha hivyo hivyo.