Msichana Asiye na Ukoo

Shangazi yangu alirudishwa kwao Igurwa kwa kukosa mtoto, nami nikapelekwa kukaa naye ili nyumba isiwe kimya. Ilibaki kimya vilevile. Tulimenya ndizi tumepeana migongo, kila mmoja na mawazo yake.

Gari la sinema lilipofika Kayanga, alinichukua. Filamu ilikuwa ya kuchorwa: msichana upande huu wa mto, kijana upande ule, na nyuso zao mistari michache tu. Kijana akavuka. Basi, hakuna zaidi. Shangazi alitabasamu peke yake njia nzima ya kurudi. Tangu hapo, kila gari liliporudi na filamu ileile, alijipaka samli mikononi, akafunga kitambaa chake cha kanisani, tukaenda. Majirani wakamwita bibi harusi wa karatasi.

Mwaka mmoja mwenye gari alikuja siku ya gulio, mchana, akiwa na swali. Wenye filamu walifikiria kuitengeneza upya kwa watu wa kweli, wanaotembea na kusema. Tunaonaje? Watu wakafurahi. Mzee mmoja mwenye kahawa yake akasema amechoka kutazama mapenzi ya watu wasio na pua.

Shangazi, ambaye sokoni hakuwahi kutamka zaidi ya bei, akasimama.

"Mkimleta msichana wa kweli, tutauliza ni wa ukoo gani."

"Tuulize," mzee akasema. "Kuna ubaya gani?"

"Atakuwa binti wa fulani. Yule wa kuchorwa hana kwao, baba. Hakuna pa kumrudisha." Akashusha sauti. "Nilikuwa namwazima uso wangu."

Kisha mwanamke mmoja akasema bibi harusi wa karatasi ameachika tena, na gulio zima likacheka. Mikono ikainuliwa. Watu wa kweli wakashinda.

Filamu mpya ilipokuja nilikwenda bila yeye. Msichana alikuwa mzuri. Kabla hajafika mtoni, nyuma yangu walishaanza kubishana kwa Kinyambo: huyu ni wa ukoo gani, na kwao ni wapi?

Nilimkuta Shangazi akimenya ndizi. Hakuuliza habari za mto wala za kijana.

"Ana uso wa nani?"

"Wake mwenyewe, Shangazi."

Akaitikia kwa kichwa. Akanisogezea kisu cha pili, akageukia ukuta, tukamenya.