Ndoo ya Tatu ya Eliane

Katungu Eliane hajui kukaa. Mpe kiti, atakikalia ukingoni huku mguu mmoja ukiwa tayari kuondoka. Mimi ni fundi cherehani, kukaa ndiyo kazi yangu, na dirisha langu linatazama ua wao hapa mtaani Bungulu. Kwa hiyo mahangaiko yake nimeyaona yote, nipende nisipende. Nikimwambia haraka haraka haina baraka, hujibu kwamba cherehani yangu nayo haijawahi kunitajirisha.

Ni watu wa Eringeti. Vita viliwatoa huko mashambani kwao, baba yake akazikwa njiani, na mama yake akakodi chumba kwa jirani yangu na kuanza kuuza ndizi sokoni. Katika hali hiyo hiyo Eliane akafaulu kuingia chuo kikuu Butembo, kusomea kilimo. Mwaka wa kwanza ulipoisha, chuo kikaleta programu ya likizo kubwa kwa wanafunzi wapya wanaotoka katika nyumba zisizo na kitu. Wangefundishwa kufanya utafiti, kila mmoja akichunguza tatizo la kwao. Ambaye kazi yake ingesimama, angelipiwa mwaka wa pili. Eliane hakuwa na mlango mwingine wa kurudi darasani, na alilijua hilo kuliko alivyojua jina lake.

Akachagua fukusi, wale wadudu wanaotoboa maharagwe ghalani. Programu ikampa maharagwe, akayagawa katika ndoo tatu na kutia fukusi katika kila moja. Ya kwanza aliichanganya na majivu, ya pili na unga wa pilipili, na ya tatu hakuitia kitu. Kila wiki alihesabu mbegu zilizotobolewa, kisha akapanda gari kwenda Butembo kuonyesha hesabu. Alirudi na vumbi hadi kwenye kope, na kabla ya kunawa alikuwa ameshafunua ndoo.

"Papa Kakule," aliniambia siku moja, "ile ya tatu muniangaliliye. Mutu hapana kugusa."

"Na badudu je?"

"Badudu bakule tu. Ile ndiyo témoin, ya kulinganishia. Kama haiko, hizi zingine haziseme kitu. Tutajua namna gani kama majivu inasaidia?"

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Fukusi wapikiwe karamu, na mlinzi juu! Mama yake hakucheka. Mwanamke wa Kinande hawezi kupita kando ya chakula kinachoharibika akanyamaza, mkono humwasha. Kila alipofagia ua, aliipita ndoo ile akiguna, na mara mbili nilimwona akiinua kifuniko na kukirudisha kwa kishindo.

Zikabaki wiki mbili jaribio liishe. Eliane alikuwa Butembo siku ambayo Kavugho, mdogo wa mama yake, alitokea langoni na watoto wake wanne. Eringeti ilikuwa imekimbiwa tena. Mtoto mmoja alikuwa amevaa viatu visivyofanana, na hakuna hata mmoja aliyelia, jambo lililonitisha zaidi. Kwetu mgeni wa namna hiyo haulizwi kama ana njaa. Sufuria hutangulia motoni, habari hufuata.

Lakini sufuria ya nini? Ndizi zote zilikuwa zimeuzwa. Mama Eliane akafunua ndoo ya kwanza, akaona majivu. Akafunua ya pili, akapiga chafya. Ya tatu akaimwaga yote kwenye mkeka juani. Fukusi wakatoka wakikimbia, akapepeta, akatia maharagwe majini na kuondoa matupu yaliyoelea.

Nikamwita kutoka dirishani: "Mama Eliane! Ile ni ya masomo!"

Hakugeuka. "Masomo itakula kesho. Hawa banakula leo."

Eliane aliporudi, watoto walikuwa wanafuta sahani kwa vidole. Aliwasalimu wageni vizuri, mmoja mmoja. Kisha akaizunguka ile ndoo tupu mara kadhaa, akiingiza mkono kana kwamba maharagwe yangekuwa yamejificha. Mama yake akamletea sahani aliyomwekea.

"Unataka ningefunga mulango?" alimuuliza.

"Hapana, mama."

Alikula amesimama, machozi yakidondokea chakula. Nilimwonea uchungu, na nilimkasirikia kila mtu, kuanzia chuo.

Mwenzake wa programu, Lévi, akampigia simu, sauti ikanifikia dirishani: "Weka tu ma chiffre, namba za kutunga, Eliane. Nani atajua? Fukusi haitaenda kukushitaki." Nami niliona kijana ana akili. Eliane akatembea uani siku mbili nzima, akiandika tarakimu hewani kwa kidole na kuzifuta kwa kiganja, kisha akaenda Butembo.

Alinisimulia mwenyewe yaliyotokea. Alisimama mbele yao, akaonyesha majivu, akaonyesha pilipili. Safu ya tatu ya hesabu zake ilikatika katikati. Msimamizi wao, Assistant Kataliko, akauliza kuna nini hapo.

"Ilikuliwa, Assistant."

"Na fukusi?"

"Hapana. Na batoto ya mama mudogo, na mimi pia."

Wengine wakacheka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ingawa humo ndani sidhani kama aliyeshiba alikuwepo. Kataliko hakucheka. Alimwambia kwamba kazi bila témoin haisimami, na hatamdanganya. Ila orodha ya watakaolipiwa ingefungwa masomo yakianza. Akirudia ndoo zote tatu kabla ya hapo, ataipokea. Maharagwe ajitafutie, ya programu yalikwisha.

Jioni hiyo Eliane alimweleza mama yake huku akienda na kurudi kati ya mlango na jiko. Ajitafutie wapi? Wageni bado walikuwa wanalala sakafuni, na kila kikombe cha maharagwe kilikuwa na mdomo wake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa kitambaa uliofungwa mafundo mawili. Nilishangaa, kwa sababu hata Kavugho alipofika na njaa, mfuko huo haukuonekana. Mkulima hali mbegu, hata iweje.

Eliane aliutambua. Akashika mikono ya mama yake.

"Mama, hii ni mbegu ya maharagwe ya Eringeti. Utapanda nini?"

"Nitapanda wapi, Eliane?"

Eliane akaiachia mikono. Mama yake akafungua mafundo, akamimina katika ndoo ya kwanza, akamimina katika ya pili. Kwenye ya tatu mkono ulisita kidogo, kisha akamimina mpaka mfuko ukaisha.

"Sasa leta badudu yako," akasema.