Sajini Wangu na Ng'ombe wa Kugombewa

Mkufunzi wa chuo cha polisi alikuja kituoni kwetu, njia ya Malambo, kuuliza kama polisi tunajifunza kazini. Nikamwambia mimi nimefundishwa na sajini wangu. Akacheka, "Huyo asiye na hata cheti?" Damu ikanichemka.

Nje wafugaji wawili, kila mmoja na mkewe, walikuwa wanagombea ng'ombe mmoja. Nikamwambia mkufunzi, "Afande, si una vyeti? Amua basi!" Akawahoji wale wanaume saa nzima, hakuambulia kitu.

Sajini akasema, "Huku wanaokamua ni kina mama. Waacheni wakamue."

Wa kwanza akapigwa teke. Wa pili alimwita tu, ng'ombe akatulia, maziwa yakatoka.

Mkufunzi akatoa daftari. "Mzee, rudia taratibu, naandika."

"Afande, toka kwanza hapo nyuma ya ng'ombe," nikamwambia. "Hilo nalo alinifundisha sajini."