Siku Nilipompeleka Baba Kupimwa Akiwa "Jeune"

Munisamehe kwanza mwandiko wangu. Mkono wangu unaandika polepole, kama mtu anayevuka mto akipapasa mawe, na herufi zingine zinaanguka njiani kwa sababu niliacha shule darasa la sita, wakati tulipokimbia kutoka Kpandroma. Mukikuta neno bovu mulisome kwa sauti, pengine litanyooka lenyewe.

Aibu yangu ni hii: nilimpeleka baba yangu mzazi kwa daktari akiwa amepakwa rangi ya viatu kichwani, ametiwa ndani ya suruali yangu ya jinzi, na tumbo limejaa mikate ya mafuta. Hapa kwetu Bigo watoto wanamwita "Jeune" mpaka leo, yaani Kijana, na kila wakiita yeye anaitika, lakini mimi ndiye ninayeangalia chini.

Jina langu ni Dieumerci, nyumbani wananiita Dieume. Tunaishi na dada yangu mkubwa, Yaya Furaha, anayeuza unga wa muhogo sokoni, pamoja na baba. Mimi ni mtu wa haya sana (nikiingia dukani na kuna watu watatu, ninatoka nje kungoja wapungue, na wakati mwingine wanaongezeka, ninarudi nyumbani bila chumvi). Sasa, mwaka huu baba alianza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mbali, anamaliza jagi, anaomba lingine, anatoka nje kila mara, na mkanda wake ukaanza kuzunguka kiunoni kwa kulegea, maana alikuwa anakonda. Sote tulikuwa tunafikiria kitu kimoja, kwa sababu baba mkubwa, kaka yake, alianza hivyo hivyo, kisha kikaja kidonda cha mguu kisichopona, kisha tukamzika.

Yaya Furaha alisikia kwamba kuna kliniki ya mtu binafsi upande wa boulevard, barabara kubwa ya mji, wanapofanya bilan, yaani kupima mwili mzima kabla ugonjwa haujakuangusha: damu, mkojo, tension yaani presha, na mashine ya kuangalia tumbo. Baba alikataa wiki nyingi. Siku moja alikubali ghafla, akiwa anafunga viatu, bila hata kutuangalia.

"Mara moja tu," alisema. "Nitaenda mara moja. Wakinichekelea, sirudi tena, na musinisumbue mpaka munizike."

Ndiyo maana ilibidi siku ile ifanikiwe. Na mtu aliyetumwa kwenda kuuliza mipango alikuwa nani? Mimi.

Nilifika pale, watu wamejaa kwenye viti, mama muuguzi anazungumza haraka kama anayefukuzwa, Kiswahili na Kifaransa vyote pamoja. Aliniambia: "Utaleta muzee samedi asubuhi mapema. Lakini akuye jeune, umesikia? Jeune kabisa. Kama haiko jeune, hatumupimi, tutamurudisha kwenu."

Mimi neno jeune ninalijua vizuri. Nililijifunza shuleni, na kanisani kuna kwaya ya ba jeunes, ninaimba humo nikijificha nyuma ya mtu mrefu. Nilishangaa kidogo: muzee atakuwa kijana namna gani? Swali lilifika mpaka kwenye meno. Lakini nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja anakohoa kwa kunisukuma, na vijana wawili wananitazama, nikasema tu, "Ndiyo, mama," nikatoka. Hapo ndipo mkasa ulipozaliwa, kwenye hiyo "ndiyo, mama."

Nyumbani nilieleza kama nilivyosikia. Yaya Furaha alishika kiuno.

"Dieume, weye unasikia vizuri?"

"Alisema mara mbili, Yaya. Jeune kabisa."

"Sasa muzee wa miaka makumi sita na kitu, mi namurudisha kwa tumbo la koko wetu, mama aliyemuzaa?"

Tulitegemea baba akasirike. Hakukasirika. Alijikuna ndevu, kisha akasema polepole, "Mimi naelewa. Mufanye vile wanasema." Tukaangaliana na Yaya. Hatukuuliza anaelewa nini (unaona, haya ni ugonjwa wa familia nzima).

Basi Jumamosi alfajiri kazi ikaanza. Yaya alikuwa na rangi ya nywele, ile ya kuficha mvi, lakini ilikuwa imebaki kidogo, ikaishia juu ya masikio. Zikabaki ndevu na nywele za pembeni, nyeupe kama pamba, na baba akaonekana kama mbuzi wa rangi mbili. Yaya alizunguka nyumba, akarudi na kopo la cirage, ile nyeusi ya viatu vyangu vya kanisa. Baba alifumba macho, akapakwa. Kisha jinzi yangu. Kisha Yaya akasema kijana haendi na mashavu yaliyoingia ndani, ale, apate nguvu, akaweka mezani bugali ya jana na maharagi, mikate ya mafuta, na chai ambayo kijiko kingeweza kusimama ndani yake kwa sukari. Baba alikula vyote kwa utii, kama mtoto anayemezeshwa dawa. Na mimi kwa akili zangu, tulipokaribia kliniki, nikamnunulia sucré, soda ya machungwa, chupa baridi, ili macho yang'ae.

Tuliingia. Yule mama muuguzi alikuwa nyuma ya meza, akauliza bila kuinua kichwa:

"Muzee iko jeune?"

Nilisimama wima. Kwa mara ya kwanza maishani nilijibu mbele ya watu kwa sauti kubwa: "Iko jeune, mama! Sana!"

"Muzuri. Iko na miaka ngapi?"

Hapo baba mwenyewe aliwahi. "Quarante," alisema, yaani arobaini.

Kwenye benchi mama mmoja mnene mwenye mtoto mgongoni aliinama kumtazama vizuri. "Aa, papa! Hiyo quarante yako ilianza mwaka gani?" Watu wakacheka. Baba alivuta chini kofia aliyokuja nayo. Mimi nilitamani sakafu ifunguke, lakini nilijiambia, vumilia, muhimu apimwe.

Wakampima urefu na uzito, wakamfunga mkononi kile kitambaa kinachojaa upepo, kile cha tension. Wakampa kikopo cha mkojo, na choo kiko upande mwingine wa chumba cha kungojea, kwa hiyo alirudi mbele ya watu wote akiwa amekifunika kwa kofia yake, anatembea taratibu kama anayebeba sadaka, na kichwa chake sasa kiko wazi, kinang'aa. (Viatu vyangu havijawahi kung'aa hivyo.) Wakatoa damu kwenye mshipa. Kisha wakamtoboa kidole, tone moja likaingia kwenye kamashine kadogo, muuguzi akaangalia, akakatikisa kale kamashine, akaangalia tena, akakimbia kumwita daktari.

Daktari, mtu mpole mwenye sauti ya chini, alikuja haraka. Alimlaza baba kwenye kitanda, akampaka tumboni mafuta baridi, akaanza kuangalia kwa mashine huku anauliza. Mimi nilisimama kando. Nilijua: ni ule ugonjwa wa baba mkubwa.

"Kijana, sukari ya papa iko juu sana, tena bila kula. Tangu jana magaribi hajaweka kitu kwa kinywa, kweli?"

"Docta, amekula!" nilisema kwa haraka ili asituhesabie watu wabaya wanaowaacha wazee na njaa. "Amekula bugali, maharagi, mikate ya mafuta, chai ya sukari mingi. Na sucré hapo inje."

Mkono wa daktari ulisimama juu ya tumbo.

"Na uliulizwa kama iko à jeun, ukasema nini?"

"Nilisema iko jeune. Hata mukimuangalia, docta. Tulifanya yote."

Daktari aliangalia nywele. Aliangalia jinzi. Aliangalia mto wa kitanda, ambao ulikuwa mweupe tulipoingia na sasa ulikuwa na alama nyeusi mbili, kila upande wa kichwa. Jasho la baba lilikuwa limeyeyusha cirage, likashuka shingoni.

"À jeun," daktari alisema polepole, "maana yake tumbo bule. Bila kula. Hatukusema jeune, kijana. À jeun."

Muuguzi aliweka mkono mdomoni, lakini kicheko kilipita kati ya vidole. Na pale hakuna ukuta, kuna pazia tu. Nikasikia yule mama wa benchi anarudia kwa jirani yake, "Walimupaka, ndugu yangu! Walimupaka ili akuwe jeune!" na chumba chote kikapasuka.

Baba alikaa. Alijifuta tumbo kwa shati, akatafuta kofia. Na mimi, nikisikia kile kicheko, nilisikia pia maneno yake mwenyewe: wakinichekelea, sirudi tena. Nilikuwa nimemzika baba yangu kwa neno moja nililoona haya kuuliza.

Alivaa kofia, lakini hakutoka. Alizungumza akiangalia ule mto.

"Docta, kaka yangu alikuwa na kidonda kwa mguu. Tulimubeba kwa kiti mpaka kwa munganga wa hospitali. Yule hakumutoboa hata kidole. Alisema, muzee, hiyo ni uzee tu. Tukamurudisha nyumbani na uzee yake. Uzee ikakula mguu, kisha ikamukula yeye. Sasa huyu mutoto aliposema hapa munapima ba jeunes tu, mi sikushangaa. Nilisema, wanipake."

Kule nyuma ya pazia kicheko kilikufa kidogo kidogo, wa mwisho akiwa yule mama. Muuguzi alichukua pamba, akailowesha, akaanza kumfuta baba pembeni ya sikio, taratibu, mpaka mvi zikatokea.

Daktari alivuta kiti. "Muzee, uzee haina mashine ya kuipima. Ugonjwa iko nayo. Lakini leo nimepima mikate ya mafuta, sikukupima weye. Rudia lundi, à jeun, na hizi mvi zako zote. Nitakungoja."

Baba alishuka kitandani, akatoka. Njia nzima mpaka Bigo alitembea mbele yangu, vumbi linamkaa kwenye cirage, na kwa kuwa habari ilitutangulia, watoto wanaanza kutufuata wakiita, "Jeune!" Jumapili alienda kanisani, akarudi, akakaa na redio yake. Hatukuthubutu kumkumbusha. Jioni Yaya Furaha alimwekea sahani kama kawaida. Baba aliiangalia, akaisukuma upande wangu.

"Kula weye," alisema. "Mimi, kuanzia sasa, niko à jeun."

Alilitamka vizuri kuliko mimi.

Jumatatu tulienda na suruali yake mwenyewe. Sukari iko, ndugu zangu, siwafichi, lakini haijafika kwenye mguu. Sasa anameza dawa, chai anakunywa chungu na kuilalamikia, na mkanda umeacha kuzunguka.

Nimeapa kutosema tena "ndiyo, mama" kwa neno nisilolielewa, hata nyuma yangu wakohoe watu kumi. Kuuliza kunachoma uso muda mdogo. Kutouliza, mimi nilikuta bei yake imelala kwenye mto mweupe. Sasa ninyi munaosoma, kama kuna neno lililowahi kuwadanganya, tafadhali muniandikie munieleze, ili nisiwe peke yangu. Muandike kwa herufi kubwa, ninasoma polepole. Baba anaomba mumwandikie pia, anasema jina lake mumelijua tayari.